Punda Afe, Mzigo Ufike: Tafakuri kuhusu Askari Wastaafu na Punda wa Nuu

Miongoni mwa methali zinazonukuliwa mara kwa mara katika madarasa yetu ya fasihi simulizi ni ile isemayo, "Punda afe, mzigo wa bwana ufike." Wengi wetu tumezoea kuieleza kwa haraka: ama ni methali ya kusisitiza bidii, ama ni sauti ya mnyonge anayelalamikia unyonyaji. Maelezo yote mawili yana mashiko. Hata hivyo, mimi niliyezaliwa Nuu na kulelewa miongoni mwa punda na askari wastaafu siwezi kuisikia methali hii bila kujiuliza swali moja: je, ikiwa mzigo umefika na punda hakufa, punda huyo huishi vipi baada ya safari?

Swali hili si la kubuni. Kwa likizo kadhaa ndefu nimekuwa nikijitolea katika kikundi kidogo, kisicho na ofisi wala kibao, kinachowakutanisha askari waliostaafu ambao kumbukumbu za vita bado zinawasumbua. Tunachokifanya ni jambo dogo ambalo mgeni angelitazama akacheka: tunawatunza punda pamoja. Nia ya makala haya ni kumweleza msomaji kwa nini jambo hilo dogo limenifundisha mengi kuhusu binadamu, na kuhusu lugha hii tunayoisoma.

Kwa msomaji asiyepajua, Nuu ni sehemu ya Kaunti ya Kitui, mashariki ya mji wa Mwingi, chini ya kilima kinachoitwa kwa jina hilohilo. Ni nchi ya jua. Mvua tunayoitegemea zaidi ni ile ya vuli, kati ya Oktoba na Desemba, nayo ikikosa kunyesha, mtama, mawele na pojo hukaukia shambani. Mito yetu ni ya mchanga: hufurika kwa siku chache, kisha maji huzama, na mtu huyafuata kwa kuchimba. Aendaye mtoni huhesabu safari kwa mitungi, si kwa kilomita, na mbebaji wa mitungi hiyo ni punda. Nyumba ikikosa punda, basi mama wa nyumba hiyo na watoto wake ndio punda.

Nuu, kama Ukambani kote, ni nchi ya askari pia. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopiganwa katika Afrika Mashariki, kuanzia mwaka 1914 hadi 1918, wanyama wa kubeba mizigo walikufa kwa wingi kutokana na maradhi, hasa yale yanayoenezwa na mbung'o. Mizigo ikahamishiwa migongoni mwa watu. Wanaume walichukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi katika kikosi ambacho Kiswahili kimekihifadhi katika majina ya Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Msomaji atambue kilichotokea hapo: punda alipokufa, mwanadamu aliwekwa mahali pake ili mzigo wa bwana ufike. Katika Vita vya Pili, Wakamba walikuwa miongoni mwa jamii zilizotoa askari wengi zaidi katika jeshi la King's African Rifles, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma, katika Bonde la Kabaw hadi Mto Chindwin. Uhuru ulipopatikana, safari hazikukoma. Wanajeshi wa Kenya walipelekwa na Umoja wa Mataifa kulinda amani Namibia mwaka 1989, Kroatia mwaka 1992, na baadaye Sierra Leone. Kisha Oktoba 2011 Kenya ikavuka mpaka na kuingia Somalia, na majina ya El Adde, tarehe 15 Januari 2016, na Kulbiyow, tarehe 27 Januari 2017, yakaingia katika sala za mama zetu.

Walioanguka huko hukumbukwa kwa paredi na mashada ya maua. Waliorudi ndio wanaonishughulisha hapa. Kijijini kwetu husemwa juu ya mtu wa namna hiyo kwamba alirudi, lakini hakurudi wote. Hulala kwa saa mbili. Huketi ameuelekea mlango. Huondoka sherehe inapochangamka. Watoto wake hujifunza mapema kutomwamsha kwa kumgusa. Wataalamu wa Marekani waliiingiza hali hii katika mwongozo wao wa magonjwa ya akili mwaka 1980, miaka mitano baada ya Vita vya Vietnam kumalizika. Sisi katika Kiswahili tunalo neno kiwewe, ambalo tangu zamani limetaja bumbuazi la mtu aliyepatwa na hofu au mshtuko, na ambalo sasa linatumika kuutaja ugonjwa huu. Nao hauwapati askari pekee. Tarehe 4 Desemba 2021, Mto Enziu uliofurika ulilisomba basi lililokuwa likiwaleta wanakwaya na waumini harusini Nuu, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Wapo walioyashuhudia hayo kutoka ukingoni ambao hadi leo mvua ikivuma hawalali.

Katika nchi za ng'ambo, mojawapo ya njia za kuwasaidia watu wa aina hii ni kuwaweka karibu na farasi. Imani kwamba farasi humfaa mgonjwa ilipata nguvu mwaka 1952, pale Lis Hartel wa Denmark, mwanamke aliyepooza miguu kuanzia magotini kwa ugonjwa wa polio, aliposhinda nishani ya fedha katika mashindano ya farasi ya Olimpiki ya Helsinki. Baadaye njia hii ilielekezwa pia kwa majeraha ya moyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walichapisha mwaka 2021 matokeo ya jaribio lililowahusisha wanajeshi wa zamani 63 waliokutana na farasi kwa dakika 90 kila juma, kwa majuma manane. Takribani nusu yao walipata nafuu ya kuonekana. Ni haki kuongeza kwamba jaribio hilo halikuwa na kundi la kulinganishia, kwa hiyo haliwezi kusema neno la mwisho.

Sababu inayotolewa ni rahisi kueleweka kwa yeyote aliyechunga mifugo. Farasi ni mnyama anayewindwa. Ameishi kwa kusikiliza. Akikaribiwa na mtu aliyekaza mabega na kubana pumzi, huhisi hatari na kujitenga. Mtu huyo akitulia, naye hutulia. Hamwulizi alikuwa wapi, wala hamhurumii. Humjibu tu kwa hali aliyo nayo saa hiyo. Kwa askari ambaye mwili wake bado uko vitani, hicho ni kioo kisicho na lawama.

Nuu hakuna farasi. Nilipomsimulia mambo haya mzee mmoja wa kikundi chetu, ambaye sote humwita Afande, aliniuliza, "Farasi huyo hula nini?"

"Nyasi nzuri, mzee, na nafaka," nikamjibu.

"Basi mwanangu, akiletwa hapa, yeye ndiye atakayehitaji kusaidiwa."

Tunao punda, nao si badala duni. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba punda alifugwa kwa mara ya kwanza mashariki mwa Afrika, yapata miaka 7,000 iliyopita. Ni mnyama wetu kabla ya kuwa wa mwingine yeyote. Aidha, ana tabia moja inayomtofautisha na farasi: anapoogopa, mara nyingi hakimbii, bali husimama kwanza akapima. Watu wamemwita mkaidi kwa sababu hiyo. Mtu aliyefundishwa kazi ya lindo hamwiti hivyo.

Kikundi chetu kilianzishwa na muuguzi mstaafu aliyegundua kwamba Afande, ambaye hakuwa akizungumza na mtu nyumbani zaidi ya salamu, alikuwa akizungumza na punda wake njia nzima ya kwenda mtoni. Afande alihudumu Sierra Leone mwaka 2000, mwaka ambao mwezi wa Mei waasi waliwazingira na kuwateka mamia ya walinda amani, Wakenya wakiwemo, katika eneo la Makeni na Magburaka. Yeye husema tu, "Nilikuwa huko." Muuguzi huyo hakumwuliza zaidi. Alimwomba amfundishe kijana mwingine namna ya kumtunza punda mwenye vidonda mgongoni. Kijana huyo nitamwita Koplo, maana ndivyo tunavyomwita. Alirudi kutoka Somalia akaliacha jeshi kabla ya wakati wake.

Kazi yetu huanza Jumamosi alfajiri. Kila mmoja huleta punda wake, na asiye naye hushirikiana na mwenzake. Tunakagua migongo kwa viganja tukitafuta joto au uvimbe, kwani kidonda cha punda huanza kuhisika kabla ya kuonekana. Tunatoa vijiwe katika kwato. Tunashona upya matandiko kwa magunia na nguo kuukuu ili kamba isikate ngozi. Kisha tunawaswaga hadi mtoni, tunateka maji, tunarudi. Kanuni zetu ni mbili tu: punda hakaribiwi kwa nyuma, na hakuna anayeulizwa habari za vita. Sisi vijana wa kujitolea tunachota maji, tunashika kamba, tunanyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu, hasa kwa mwanafunzi wa lugha.

Siku ya kwanza Koplo alipomwendea punda, mnyama alisogea hatua tano. Akamwendea tena, akasogea tena. Afande, aliyekuwa akishona tandiko chini ya mgunga, alisema bila kuinua kichwa, "Unamwendea kama unakwenda kumkamata." Jumamosi ya pili na ya tatu hali ilikuwa hiyohiyo. Jumamosi ya nne punda hakuondoka. Hapakuwa na la ajabu zaidi ya hilo. Koplo aliweka kiganja begani mwa mnyama, akakiacha hapo kwa muda mrefu, na sisi tukaendelea na kazi.

Miezi miwili baadaye, tulipokuwa tukirudi kutoka mtoni, pikipiki ilipiga mlio mkali kama wa risasi. Koplo alijitupa chini. Punda wake alisimama, akainua masikio kuelekea barabarani, akasikiliza, kisha akayalegeza na kuanza kutafuna majani. Koplo alikuwa akimtazama. Akainuka, akajipangusa vumbi, tukaendelea na safari. Jioni, bila kuulizwa, alisema, "Nilitazama masikio yake. Yaliposhuka nikajua kumetulia." Tangu siku hiyo akawa akimfunga punda usiku karibu na dirisha la chumba anacholala. Mkewe alimwambia muuguzi kwamba mumewe sasa hulala hadi jogoo wa kwanza, kwa kuwa, kwa maneno yake mwenyewe, kuna mwingine aliye lindoni.

Hapa ningependa kugusia suala la lugha, ambalo bila shaka litawavutia wasomaji wa jarida hili. Nuu tunazungumza Kikamba. Ndiyo lugha ya jikoni, ya shambani, ya mazishi. Lakini Afande na Koplo huwasemesha punda kwa Kiswahili: simama, tulia, geuka, polepole. Nilidhani mwanzoni kuwa ni mazoea ya kambini, kwani Kiswahili kimekuwa lugha ya majeshi ya eneo hili tangu enzi za ukoloni, na msamiati wenyewe unashuhudia: afande, neno lililotujia kutoka Kituruki, kuruti, kombania, koplo, sajini. Ila nilitambua baadaye kwamba kuna zaidi ya mazoea. Kidogo Afande alichowahi kutusimulia kuhusu Sierra Leone alikisimulia kwa Kiswahili, akiwa ameinama anasafisha ukwato, maneno yake yakielekezwa zaidi kwa mguu wa punda kuliko kwetu. Alipomaliza, nilimwuliza swali moja tu, la lugha: kwa nini hakuyasema kwa Kikamba? Akajibu, "Kikamba nilifundishwa na mama. Siwezi kuyatia haya katika kinywa chake."

Tumezoea kukisifu Kiswahili kama lugha ya kuunganisha mataifa. Sikuwahi kusoma popote kwamba chaweza pia kuwa ua wa nje, mahali ambapo mtu anatua mzigo usiofaa kuingizwa nyumbani. Punda humpa askari nafasi ya kutulia bila maneno; Kiswahili humpa maneno yasiyoijeruhi nyumba yake. Viwili hivyo vilikutana Nuu pasipo kupangwa na mtaalamu yeyote.

Mwezi wa Desemba 2023 punda wanne wa kijiji chetu waliibwa usiku mmoja, na wa Koplo alikuwa miongoni mwao. Mabaki yao yalikutwa kichakani, ngozi zimechukuliwa. Msomaji huenda anakijua chanzo cha balaa hili. Ngozi ya punda huchemshwa nchini China kutengenezea dawa iitwayo ejiao, na kuanzia mwaka 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa hapa Kenya, yakafikia manne. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda takribani milioni 1.8 nchini, ile ya mwaka 2019 ilihesabu takribani milioni 1.2. Serikali ilitangaza kupiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020, mahakama ikaibatilisha marufuku hiyo mwaka 2021, na muda wote huo wezi wa usiku hawakungoja hukumu ya yeyote.

Kwa jirani zetu, hasara ilikuwa ya maji. Kwa Koplo, mlinzi alikuwa ameuawa zamuni. Alirudia kutembea kando ya ua usiku kucha akiwa na panga. Juma la pili mkewe aliwachukua watoto akawapeleka kwa wazazi wake, si kwa hasira, bali kwa woga. Muuguzi alimshawishi akubali kupelekwa hospitalini Mwingi, akapewa dawa na tarehe ya kurudi. Lakini kati ya tarehe na tarehe kuna usiku, na usiku ndio uliokuwa na shida.

Ndipo Afande alipofanya jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha ushauri nasaha nilichowahi kukisoma. Saa nne usiku alifika uani kwa Koplo akiwa na tochi na blanketi, akasimama wima mbele ya kijana aliyeweza kuwa mwanawe, akasema, "Koplo, nimekuja kukupokea zamu." Koplo alimtazama kwa muda. Kisha akatoa ripoti, kama inavyotakiwa: ua uko salama, hakuna aliyepita, saa ni nne na dakika kumi. Akamkabidhi panga, akaingia ndani, akalala. Usiku uliofuata alikwenda mstaafu mwingine. Kwa majuma matatu wazee wale walipokezana, na sisi vijana tulipewa kazi ya kupeleka chai. Watoto walirudi nyumbani kabla ya shule kufunguliwa Januari.

Mwezi uliofuata, Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa waliafikiana kupiga marufuku biashara ya ngozi za punda barani kote. Niliwasomea habari hiyo kikundini. Wengi walifurahi. Afande alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Amri ni nzuri. Sasa itafutiwe askari."

Nisieleweke vibaya. Sidai kwamba punda ni dawa. Mmoja wa wanakikundi aliacha kuja baada ya siku mbili, na hatujaweza kumfikia. Mwingine pombe imemshinda. Mgonjwa wa kiwewe anahitaji mganga aliyesomea kazi hiyo, kliniki iliyo karibu, na jeshi linalomfuatilia mtu wake hata baada ya kuvua sare. Wala haifai kumtwika punda mzigo mwingine juu ya mitungi, tukamgeuza chombo cha kutuponya huku mgongo wake ukioza. Tulichojifunza ni cha kadiri: mtu aliyezoea kuyalinda maisha ya wengine hupata nafuu anapokuwa na uhai wa kuulinda, na anapojua kwamba atapokewa zamu.

Je, sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu gani katika haya? Naona wajibu wa aina mbili. Kwanza, istilahi. Muuguzi aliyefunzwa kwa Kiingereza hukutana na mgonjwa anayesema kwa Kiswahili kwamba moyo unamwenda mbio, kwamba huona picha, kwamba jinamizi humkalia. Istilahi zinazoundwa vyuoni bila kuyasikiliza maneno hayo zitabaki vyuoni. Pili, masimulizi. Askari waliorudi kutoka Burma wamekwisha kutuacha karibu wote, na sehemu kubwa ya waliyoyaona wameondoka nayo. Walioiona Kroatia, Sierra Leone na Somalia wangali nasi. Atakayetaka kuwasikiliza asitangulize kinasa sauti. Atangulize mikono, achote maji, na angoje. Wakitaka kusema, watasema, na wakinyamaza, siku haitakuwa imepotea.

Mwezi wa Machi mwaka huohuo wa 2024, jirani mmoja alimpa Koplo punda jike aliyekuwa hafai kwa kazi, mgongo wake umechubuka hadi nyama kuonekana. Koplo alimtibu kwa maji ya chumvi na subira. Mwenye punda alipokuja kuuliza ni lini mnyama ataanza kubeba, aliambiwa, "Atabeba mgongo ukipona, na atabeba nusu." Likizo iliyopita nilimkuta njiani akiwa na mitungi miwili badala ya minne, Koplo akitembea kando yake, begani, si nyuma. Mzigo hufika, ila kwa safari mbili.